Katapila lililogoma alfajiri: kisa cha machimbo ya moramu, Kisesa

Simu ilinifikia wiki ya mwisho ya mwezi wa sita. Mama mwenye machimbo ya moramu, ukishaipita Kisesa kuelekea Magu, aliniambia katapila lake limeshindwa na baridi. Tangu mwezi wa tano uishe haliwaki asubuhi. Linakuja kukubali saa nne, siku nyingine saa tano jua likishachoma, na kufikia muda huo tipa zimepanga foleni tangu alfajiri na nyingine zimeshaondoka kutafuta kifusi kwingine. Fundi aliyenitangulia alipima mgandamizo wa silinda, akasema injini imekwisha, inatakiwa ovahoo, yaani kufumuliwa yote na kutengenezwa upya, kwa shilingi milioni 14.

"Fundi," akaniambia, "baba watoto aliniachia chuma hiki kikifanya kazi. Sitaki kife mkononi mwangu."

Nilikwenda kwa sababu ya maneno hayo, na kwa sababu ya neno baridi. Mwanza iko zaidi ya mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, na wakati wa kipupwe, Juni hadi Agosti, alfajiri joto linashuka hadi nyuzi 15 au 16. Kwetu sisi hiyo ni baridi kweli. Bodaboda wa Igoma wanavaa makoti kinyumenyume, zipu mgongoni. Lakini injini ya dizeli iliyo nzima haijui kama nyuzi 16 ni baridi. Kwenye nchi za baridi halisi, Alaska au Siberia, joto hushuka hadi nyuzi 30 au 40 chini ya sifuri. Huko dizeli yenyewe hutoa nta na kuziba chujio, watu huichanganya na mafuta ya taa, na injini huchomekwa kwenye umeme usiku kucha ili maji yake yasipoe. Mitambo yao inawaka. Iweje wetu ugome Kisesa?

Msimamo wangu niuseme mapema, maana ndio ulioniongoza siku zote nne za kazi hii: kipupwe cha Kanda ya Ziwa hakiwezi kuizuia injini nzima. Ikizuiwa, kuna ugonjwa ulioanza zamani, na alfajiri ndiyo saa pekee unapoonekana.

Siku ya kwanza niliipoteza

Nilifika saa mbili asubuhi, nikakuta injini inanguruma. Walikuwa wamekoka mkaa kwenye karai, wakalisukuma chini ya sampu, bakuli la oili lililo chini ya injini, kisha wakashika kitambaa chenye petroli kwenye mdomo wa hewa huku dereva akipiga stata. Injini ikishapata moto, ushahidi umefutika. Ningeweza kukaa pale mchana kutwa nisione kitu.

Na kweli sikuona kitu cha maana, ila niliona kitu kilichonipotosha. Nilifungua koki ya chini ya tangi la dizeli, yakatoka maji karibu nusu kikombe. Ukanda wa ziwa una unyevu mwingi. Tangi linaloachwa tupu usiku linavuta hewa yenye mvuke, na bati likipoa mvuke unageuka matone. Nikasema nimempata mchawi. Tukamwaga, tukabadili chujio, tukatoa upepo kwenye mfumo, mchana ukaisha. Maji yale yalikuwa ya kweli na yalistahili kutolewa, lakini kesho yake alfajiri injini iligoma vilevile. Nilikuwa nimetibu nilichokiona kwanza.

Usiku ule nililala Kisesa, nikaacha agizo kwamba mtu yeyote asiguse mtambo mpaka nifike.

Saa 11 alfajiri tulikuwa watatu pale: mimi, kijana ninayemfundisha kazi, na dereva, mzee wa makamo ya baba yangu ambaye ameliendesha katapila hilo kwa miaka mingi kuliko niliyofanya kazi ya ufundi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, kijana wangu. Mwangaluka. Leo hakuna moto wala petroli?"

"Leo hakuna, mzee. Leo liwashe kama lingekuwa jipya, nasi tulitazame linavyokataa."

Nilitundika kipimajoto chini ya kiti. Kilisoma nyuzi 16.

Injini yenyewe ni ya mtindo wa zamani. Nozeli haimwagi dizeli moja kwa moja juu ya pistoni, inaimwaga kwenye kichemba kidogo ndani ya silinda hedi, moto unaanzia humo ndipo unaruka kwenye silinda. Kichemba cha namna hiyo kina chuma kingi kuliko hewa, na chuma kikiwa cha baridi hulinyonya joto la hewa iliyobanwa kabla dizeli haijawaka. Ndiyo maana kila kichemba kina plagi yake ya umeme ya kukipasha. Chini ya swichi kuna kibao cha bati kilichochakaa, ukikisugua kwa kidole unasoma: juu ya nyuzi 16, pasha dakika moja, kati ya 16 na sifuri, dakika mbili. Sisi tulikuwa juu ya mpaka kabisa wa mistari hiyo miwili.

Mzee akageuza swichi upande wa kupasha na kuhesabu kimoyomoyo. Nilitazama saa. Sekunde 20, akapiga stata.

"Mbona umewahi, mzee?"

"Ukizidisha, betri hazibaki na nguvu ya kuzungusha."

Jibu hilo lina akili ndani yake, na nililikumbuka baadaye. Lakini macho yangu yalikuwa kwenye geji ya ampea. Plagi sita zikivuta umeme, mshale unatakiwa uanguke waziwazi. Huu ulitikisika tu, kama jani lisilopata upepo wa kutosha.

Stata ilizungusha kivivu. Nilikuwa nimechora mstari wa chaki kwenye puli ya krenki, mhimili unaozungushwa na pistoni, na kumweka kijana na tochi ahesabu: mizunguko 12 kwa sekunde 10, yaani 72 kwa dakika. Dizeli ya ukubwa ule haina matumaini chini ya 100, na inapendeza ikifika 150. Kwenye bomba la moshi ulitoka moshi mweupe mwepesi unaochoma macho. Moshi huo ni habari njema, na ninasikitika kwamba mafundi wengi wanaupita. Ni dizeli iliyofika kwenye silinda, ikatawanywa na nozeli, ikakosa joto la kuiwasha. Kama pampu ingekuwa imekufa, bomba lingekuwa tupu. Mama yule alikuwa ameshalipia pampu kwenda kupimwa na nozeli sita mpya. Dakika moja ya kutazama bomba alfajiri ingemwokolea fedha hiyo.

Nyuzi 12 kati ya alfajiri na adhuhuri

Swali lililobaki ni kwa nini saa tano liwake lenyewe. Tofauti ya joto kati ya alfajiri na saa hizo pale machimboni ni kama nyuzi 12, kutoka 16 hadi 28. Nyuzi 12 zinawezaje kuamua?

Aliyewahi kupiga pampu ya baiskeli na kushika mdomo wake anajua kwamba hewa ikibanwa inapata moto. Injini hii inaibana hewa hadi kama sehemu moja ya kumi na saba. Ikiwa ringi, zile pete za pistoni zinazozuia hewa isivuje, zinashika na krenki inazunguka kwa kasi, hewa ya nyuzi 16 inafika karibu 500 kwenye karatasi, na dizeli inajiwasha bila kubembelezwa, maana inahitaji mia mbili na kitu tu pamoja na ziada kidogo ili iwahi kuwaka pistoni ikiwa bado juu. Mtambo wa namna hiyo haujali kama nje ni nyuzi 16 au 28, una akiba ya kutupa.

Sasa zungusha polepole. Hewa inapata muda wa kuvuja kwenye ringi, na joto linapata muda wa kuingia kwenye kuta za chuma. Nilipiga hesabu upya kwa hali hiyo: ukianza na nyuzi 16 unafika kama 235 tu, ukianza na 28 unafika kama 257. Ni makadirio ya fundi wala sikupima ndani ya silinda, lakini yanaonyesha jambo lilivyo. Injini ile ilikuwa imeishiwa akiba yote, inaishi kwenye ukingo, na jua la saa tano lilikuwa linaisukuma ng'ambo ya pili. Kwa hiyo kazi yetu ilikuwa kutafuta ni nani aliyekula akiba.

Tulianza na kasi ya stata, kwa sababu ndiyo rahisi kupima. Mfumo ni wa volti 24, betri mbili za N150, zote bado changa. Wakati wa kupiga stata, mita kwenye vichwa vya betri ilisoma volti 21.2. Kwenye stata yenyewe, kati ya skrubu kubwa na bodi yake, ilisoma 16.9. Volti 4.3 zilikuwa zinapotea njiani. Ukipima kipande kwa kipande huku stata inazunguka, mwizi hana pa kujificha: waya wa chanya ulipoteza 0.9, swichi 0.2, na upande wa arthi ulikula 3.2.

Kwa macho, waya ule wa arthi ulikuwa mzuri. Mpira wake mweusi ulikuwa mzima, kichwa chake kimekazwa vizuri kwenye fremu. Nikaukata mpira kwa kisu, kama sentimita kumi kutoka kwenye kichwa. Ndani shaba ilikuwa imegeuka unga wa kijani, na nyuzi nzima zilizobaki ungeweza kuzihesabu. Mtu angeweza kubadili betri kila mwaka asijue. Jibu la mzee lilikuwa limeshanieleza hili: aliona betri hazina nguvu, akawa anabana muda wa kupasha ili zibaki na ya kuzungushia. Alikuwa akiugawa umasikini.

Tulitengeneza nyaya mbili mpya kwa kebo nene ya mashine ya kuchomelea, tukaminya vichwa vyake kwa presi, tukakwangua rangi ya fremu mpaka chuma cheupe kabla ya kukaza. Kazi ya asubuhi moja. Krenki ikapanda hadi mizunguko 130.

Kisha plagi. Njia ya kuzipima haihitaji chombo cha ghali: unafungua nyaya zake, unachukua taa ya majaribio iliyoungwa kwenye chanya ya betri, unagusa ncha ya kila plagi. Taa ikiwaka, plagi ina njia. Ikikaa giza, imekatika. Kati ya sita, ziliwaka mbili. Mpya ilibidi ziletwe na basi kutoka Dar es Salaam, siku mbili za kungoja, na siku hizo mbili ndizo zilizotupa kiini cha kisa hiki.

Geji iliyolala

Plagi zikiwa nje, matundu yake ni mahali pazuri pa kuingizia geji ya mgandamizo. Fundi aliyenitangulia alikuwa amepata paundi 320 hivi kwa inchi ya mraba kwenye silinda nyingi, akafungua kitabu, akakuta 375, akatoa hukumu. Alisahau mahali aliposimama. Vipimo vya vitabu huandikwa kwa usawa wa bahari, na hewa ya Mwanza ni nyepesi kwa karibu asilimia 12 kuliko ya pwani. Ukiipunguza 375 kwa kiasi hicho unabaki na 330. Tena yeye alipima stata ikizungusha kivivu. Sisi, kwa nyaya mpya, tulipata kati ya 325 na 345 kwenye silinda tano kati ya sita. Injini hiyo haijaisha. Nasema hivi kwa uchungu kwa sababu mama yule alikuwa ameshaanza kutafuta mnunuzi wa kiwanja ili apate hizo milioni 14.

Silinda ya tano ndiyo ilikuwa mgonjwa: paundi 250. Tulidondoshea kijiko kimoja cha chai cha oili kupitia tundu la plagi, kimoja tu, maana juu ya pistoni ya dizeli hakuna nafasi na mafuta hayabanwi. Tukapima tena, ikapanda hadi 325. Oili ilipoziba ndipo pumzi iliporudi. Vavu zake ziko sawa, shida ni ringi. Ama zimelika, ama zimenata kwenye mifereji yake kwa masizi.

Kwa nini zinate? Hapo nilikuwa sijui, na nisingejua kama plagi zingekuwepo dukani siku ile. Tulirudisha zile mbili nzima, tukaziba matundu mengine kwa zile zilizokatika, na saa sita mchana, kwa nyaya mpya, injini ikawaka ili mama asipoteze siku nyingine. Mzee akaingia kazini. Baada ya saa nzima ya kusukuma kifusi nilipanda pembeni yake kusikiliza mlio, nikaona mshale wa geji ya joto umelala chini kabisa.

"Geji imekufa, mzee?"

"Nzima. Injini yangu haichemki, fundi. Hata ulitumikishe mchana kutwa."

Alisema kwa fahari, na nilimwelewa. Katika nchi ya joto, tumefundishwa kuogopa kuchemka peke yake. Nikamwomba asimame, nikaelekeza kipimajoto cha kulenga kwenye nyumba ya thamostati: nyuzi 58. Bomba la juu la rejeta nililishika kwa kiganja na kukiacha hapo. Injini inayofanya kazi nzito kwa saa nzima hairuhusu kiganja kukaa.

Jioni tulifungua nyumba ile. Boliti mbili, mfuniko, gasketi iliyokatwa kwa mkono kutoka kwenye katoni. Ndani hamkuwa na kitu. Sehemu ya thamostati ilikuwa shimo safi.

Mzee alikumbuka: yapata miaka mitatu, katapila lilichemka wakati wa masika. Fundi mmoja akaitoa thamostati, na siku hiyohiyo rejeta ikaoshwa, ikatoka tope jingi na majani. Kuchemka kukaisha. Thamostati ikawekwa kwenye kopo, kopo likapotea. Lililoponya lilikuwa kuosha rejeta, lakini sifa ilikwenda kwenye kutoa thamostati.

Siwezi kumnyooshea kidole mtu huyo kwa urahisi. Nilipokuwa mwanafunzi gerejini nilizitoa nyingi mwenyewe, kwa maelekezo ya wakubwa zangu, nikiamini kabisa kwamba thamostati ni kifaa cha Wazungu wa nchi za theluji. Bado inafanyika kila wiki kwenye gereji za Nyakato, hapa Mwanza. Ndiyo sababu hasa ninaandika kisa hiki.

Thamostati ni mlango. Injini ikiwa haijapata joto, mlango umefungwa na maji yanazunguka ndani ya bloku tu. Yakikaribia nyuzi 80 hivi unaanza kufunguka na kuyaruhusu yaende kwenye rejeta. Ukiiondoa, maji yote yanapita kwenye rejeta tangu dakika ya kwanza, na injini inashinda siku nzima kwenye nyuzi 55 au 60. Tena kwenye injini zenye njia ya mkato ya maji, thamostati ikifunguka huiziba njia hiyo. Isipokuwepo, sehemu ya maji inazunguka bila kufika kwenye rejeta kamwe, na siku ya kazi ngumu sana mtambo unaweza kuchemka hivyohivyo.

Tazama sasa nyuzi 58 zinavyotenda kwa miaka mitatu. Dizeli inagonga kuta za laina, bomba ambamo pistoni inapanda na kushuka, zilizo baridi, haimaliziki kuungua. Sehemu inabaki masizi yenye gundi, yanajaa kwenye mifereji ya ringi. Sehemu inateremka na kuosha oili kwenye laina, ikaingia kwenye sampu na kuilegeza oili. Mvuke wa maji unaotokana na kuungua unageuka matone kwenye chuma badala ya kutoka na moshi, ukikutana na salfa ya dizeli unakuwa asidi, inalamba laina. Ringi zinanata, moshi unaongezeka, injini inaanza kupumua kwenye mdomo wa oili. Mwenye mtambo anashauriwa aweke oili nzito ili izibe, na kweli nilikuta namba 50 kwenye sampu, ambayo hata kwenye nyuzi 40 ni nzito karibu mara mbili ya 15W-40, oili ya kawaida ya dizeli. Oili hiyo alfajiri ni kama asali: krenki haizunguki. Krenki isipozunguka, hewa haipati moto. Hewa isipopata moto, linaletwa karai la mkaa na kitambaa cha petroli.

Kwa hiyo baridi ilikuwepo kweli, na mama hakukosea kuitaja. Ila haikutoka ziwani. Ilifungiwa ndani ya injini siku mlango ule ulipotolewa, ikakaa humo masika na kiangazi, saa sita mchana jua la utosi likiwaka.

Petroli na kopo

Nisimame kidogo kwenye kitambaa cha petroli, kwa kuwa hapo ndipo mtu anaweza kuumia. Siku hizi kuna na makopo ya kupulizia yenye etha, vijana wanaona kwenye simu watu wa nchi za baridi wakiyatumia. Etha hujiwasha kwenye joto la nyuzi 160 hivi, mapema sana kuliko dizeli. Ukiipuliza kwenye injini yenye plagi za kupasha na plagi ziko moto, inawaka kabla pistoni haijafika juu, na moto unaisukuma pistoni irudi chini wakati krenki inaipeleka juu. Mlio wake ni kama nyundo kwenye chungu cha chuma. Ringi huvunjika, fito hupinda, na mlipuko unaweza kurudi nyuma hadi kwenye mdomo ambako mtu ameshika kopo. Mzee alinionyesha mkono wake wa kulia: vinyweleo vimeungua mpaka kwenye kiwiko, na kichujio cha hewa, kile cha bakuli la oili, kina upande uliokuwa mweusi kwa moto. Alinionyesha kwa aibu, na aibu haikuwa yake. Alikuwa akitafuta riziki kwa njia aliyoonyeshwa.

Tulivyoamua

Mama alitaka kujua kama tufungue injini. Nilimwambia hapana, nikamweleza sababu bila kumficha hatari: silinda tano kati ya sita ni nzima, ile mgonjwa inaweza kuwa ringi zimenata tu, na ringi zilizonata mara nyingine huachia injini ikipata joto lake na mzigo wa kweli. Ikiwa zimelika, tutakuwa tumepoteza wiki tatu na gharama ndogo. Milioni 14 zitakuwa bado zipo pale pale zikimsubiri.

Tukaweka thamostati mpya na gasketi ya dukani. Tukaosha rejeta kutoka upande wa feni kwenda nje, maana kuiosha kutoka mbele kunasukuma vumbi lizidi kukaa. Oili namba 50 tuliimwaga, inanuka dizeli. Tukaweka 15W-40 na kupanga kuimwaga tena baada ya saa 50 za kazi, kwa sababu ya uchafu utakaoachia. Silinda ya tano niliilaza usiku na mchanganyiko mdogo wa dizeli na oili ya gia ya otomatiki, asubuhi tukazungusha krenki tundu likiwa wazi hadi ikatema yote, ndipo plagi sita mpya zikafungwa. Jioni tangi lijazwe, lisilale tupu. Na nilimwomba mzee jambo moja ambalo lilimwia gumu: asiliache katapila likinguruma bure wakati wa kusubiri tipa. Kunguruma bila mzigo ni kulirudisha kwenye baridi ileile. Ama lisukume, ama lizimwe.

Kanda hii tunajua kutunza chuma cha zamani. MV Victoria ilianza safari zake mwaka 1961, na mwaka 2020 ilirudi majini baada ya kufumuliwa na kuwekewa injini mpya. Kwa mama wa machimbo hakuna injini mpya, kwa hiyo iliyopo inapaswa kusomwa kwa uangalifu zaidi.

Wiki tatu baadaye nilirudi na geji. Silinda ya tano ilisoma paundi 305. Haijafika wenzake, na sidhani itafika. Injini bado inakunywa oili, kama lita moja kwa siku ya kazi, na siku itakuja ambapo itafunguliwa. Nilimwambia mama aanze kuweka akiba polepole, bila kuuza kiwanja.

Asubuhi ile kipimajoto chini ya kiti kilisoma nyuzi 15. Mzee alishika swichi ya kupasha huku ameinua mkono wa kushoto anatazama saa, dakika mbili kamili, mshale wa ampea ukiwa umeinama. Alipopiga stata, injini ilikohoa mara mbili ikashika. Moshi mweupe ulitoka kwa muda mfupi kisha bomba likawa safi.

Baada ya kama dakika 40 za kazi aliliinua bledi, akapunguza moto, akanipungia mkono kwa haraka. Nikapanda. Alikuwa ameikodolea macho geji ya joto, ambayo mshale wake ulikuwa umesimama katikati, mahali ambapo hakuwa ameuona kwa miaka mitatu.

"Fundi, linachemka?"

"Hapana, mzee. Limepata joto."

Aliitazama kwa muda. Akashusha bledi, akaingia kwenye kifusi.